Uzito Wangu Mbele ya Baba

Hadi leo sipendi mtu anishike mkono juu ya kiwiko. Wajukuu wangu wanajua, na daktari anayenipima shinikizo la damu anajua pia, maana nimewahi kumkemea. Si maringo. Nilipokuwa msichana wa miaka kumi na sita, hapo ndipo kila mtu wa Keumbu alipojipa haki ya kunibinya. Wanawake waliokuja dukani kwa baba kununua chumvi walinibinya kwanza, wakatabasamu, ndipo wakataja walichokuja kununua. Walibinya polepole, kama mtu anayetafuta ndizi iliyoiva kwenye chane. Vidole vyao vilinuka dagaa na mafuta ya taa. "Huyu anakula," walisema, wakimtazama baba, si mimi. Baba alicheka na kuwapimia chumvi yao.

Nilikuwa mnene. Sitafuti neno la kulipamba jambo hilo. Miaka ile ya mwanzo wa sabini watoto wanene kwetu walikuwa wachache mno: wa chifu, wa mwenye lori, wa mwalimu mkuu, na mimi, binti wa mwenye duka na kinu cha kusaga mahindi. Wenzangu wengine walikuwa na miguu mikavu ya kupanda na kushuka milima kutwa, na chakula chao kilikuwa ndizi za kuchemsha na mboga. Mimi nilikuwa bango la duka. Wageni wa baba wakija, niliitwa mimi nilete maziwa ya moto, hata kama mama ndiye aliyekuwa karibu na meko, ili wanione nikiingia mlangoni kwa ubavu. Tulikuwa Wasabato na hatukunywa chai, ingawa baba aliuza majani ya chai dukani na kuyalima kule juu ya mto. Kwa hiyo yalikuwa maziwa, mazito, ya ng'ombe wetu, na utando juu yake. Nilitakiwa ninywe kikombe changu pale pale mbele ya wageni. Ule utando uliniteleza ulimini kama kamasi. Niliumeza huku nikitabasamu, kwa kuwa ndivyo nilivyofunzwa, kisha nikaenda nyuma ya choo kutema mate hadi mdomo ukakauka.

Mama alikuwa upande wa sufuria. Nikibakiza kipande cha nyama sahanini aliniuliza kama nataka watu waseme nyumba hii ina njaa. Nilikula mafuta ya mkia wa kondoo, nikala mkate uliopakwa siagi pande mbili, nikala biskuti zilizovunjika ambazo hazingeuzika, na kila Sabato ilipokaribia fundi wa cherehani aliyekaa barazani kwetu aliongeza kipande cha kitambaa kwenye gauni langu la kanisani. Kile kipande kilikuwa daima cha rangi nyingine kidogo. Washiriki wa kanisa wakakisifu.

Nami nilitaka kitu kimoja tu duniani, nacho ni kuwa muuguzi. Nilikuwa nimeona wauguzi wa hospitali ya misheni wakivuka ua wakiwa na kofia nyeupe, wakitembea kama watu wanaojua wanakokwenda, na hakuna aliyewabinya. Likizo moja nikajipa moyo, nikapanda kwenda kumwona metroni wa hospitali ile, mwanamke mrefu asiyecheka, aliyesifika kwa kusema anachokiona. Wadi zilikuwa juu kilimani na ngazi za mawe zilipanda kutoka kisimani hadi mlangoni. Akaniambia nichukue ndoo ya maji nimfuate. Nilifika katikati nikaketi. Maji yalimwagika, kifua kilikuwa kinapiga filimbi, na jasho lilinitoka mahali ambapo sikujua kuna jasho. Wagonjwa waliokuwa wakiota jua walivunjika mbavu kwa kicheko.

"Ukija hivi utakuwa wa kuuguzwa, si wa kuuguza," akasema metroni. "Rudi mwakani. Ukiweza kufika juu na ndoo mbili bila kukaa, na baba yako akubali, nitakuchukua."

Niliondoka na hayo masharti mawili, na moyoni niliamini la baba ndilo rahisi.

Siku za shule nilikaa kwa nyanya yangu, mama yake baba, upande wa Nyamira, kwa kuwa shule yetu ilikuwa karibu na boma lake. Muhula uliofuata akaja shuleni daktari mzungu kutoka Nairobi, na gari lililojaa mizani, mirija ya kioo na sanduku la barafu. Tulikusanywa uwanjani. Alizungumza Kiingereza, naye mwalimu wetu wa baiolojia akatafsiri. Huyu mwalimu alikuwa kijana wa kwetu kabisa, aliyezaliwa kilima cha pili kutoka kwa nyanya, ametoka chuoni juzi juzi, na alikuwa na tabia ya kuongea na mgeni huku ameinua visigino.

Daktari alisema kwamba maharagwe, maziwa na nyama, vikifika tumboni, huvunjwa kuwa vipande vidogo viitwavyo asidi za amino, na vipande hivyo husafiri ndani ya damu kwenda kujenga mwili. Mwalimu aliviita matofali. Daktari alishuku kwamba katika damu ya vijana wanene baadhi ya matofali hayo yanajazana kuliko katika damu ya wembamba, kana kwamba fundi huko ndani amekataa kuyapokea. Alitaka kujua kama kukimbia kwa muhula mzima kungeyapunguza. Angechukua damu mwanzo, angetukimbiza, kisha angechukua damu tena. Mambo yote yaliyofuata yalinitia kinyaa, lakini haya maneno hayakunitia. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia mtu akitaja unene bila kutaja mali ya baba yangu. Tena kukimbia! Nani mwingine angenipa ruhusa ya kukimbia? Msichana wa rika langu akionekana anakimbia njiani watu walitoka majumbani kuuliza amefanya nini. Niliona ngazi za hospitali mbele yangu, na mimi nikizipanda.

Wanene tulitolewa mstarini. Hapakuwa na haja ya kutusaka. Tulipelekwa chumba cha walimu, wasichana kwa zamu yetu, tukavuliwa hadi gaguro kwenye baridi ya asubuhi. Daktari alikuwa na koleo la chuma lenye saa ndogo juu yake. Alivuta nyama ya nyuma ya mkono wangu, ya mgongoni, ya kiunoni, ya paja, akaibana kwa koleo na kusoma saa. Mikono yake ilikuwa safi na baridi na haikuwa na ubaya wowote. Ila vilikuwa vidole tena. Nilikodolea macho ramani ya Afrika ukutani na kumeza mate machungu, nikijiambia kwamba hivi ni vidole vya mwisho.

Kisha ikahitajika idhini ya wazazi, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Mgeni katika nchi yetu haelewi jambo hili upesi. Kwetu baba na binti yake wametenganishwa na haya tunayoiita chinsoni. Baba haingii chumba anacholala binti. Hamtazami akioga mtoni hata kwa bahati mbaya. Hayatamki, wala hayasikilizi, maneno ya mwili wake. Mwenye duka anaweza kucheka mwanamke mwingine akimbinya mwanawe mkono, kwa kuwa hapo kinachosifiwa ni chakula. Lakini kutaja paja la binti mbele ya baba yake ni kumvua nguo huyo mzee hadharani. Kati ya nyanya na mjukuu hakuna chinsoni hata chembe, wao hutaniana matusi mchana kutwa. Kati ya baba na binti ni ukuta.

Baba alikuja Jumapili, amevaa suti ya kanisani na kofia. Wazazi wengine walikuwepo, wa kwetu na wa mbali, kina baba watupu, wamekaa kwenye madawati ya darasa magoti yakigusa videvu. Daktari alijua Kiswahili kidogo na alitaka kufuata yanayosemwa, hivyo mwalimu akaongea Kiswahili. Alitwaa karatasi na kunisimamisha mbele ya watu.

"Huyu binti ako na kilo nyingi sana kwa urefu yake," akaanza. Akazitaja hizo kilo. Kisha akataja paja, upana wake kwa kipimo. Akataja mafuta yaliyo chini ya matiti. Kisha akamgeukia baba, visigino vikiwa juu, akauliza: "Mzee, daktari anataka kujua kama huyu ameanza kuona mwezi, na unakuja sawasawa?"

Nimefikiri miaka mingi kuhusu yule kijana. Alijua. Amelelewa kama sisi, na kwa Kigusii ulimi wake ungekauka kabla hajafika kwenye paja. Lakini alikuwa anaongea lugha ya shule, na nadhani aliamini kwamba chinsoni haivuki mlango wa darasa, kwamba likisemwa kwa Kiswahili halihesabiki. Baba yangu alikuwa ameuza na kununua kwa Kiswahili tangu ujana wake. Alielewa kila neno.

Hakuna aliyecheka. Wale kina baba wote waliinamisha vichwa pamoja. Baba alitazama dari. Akachukua kofia yake juu ya dawati, akainuka, akatoka, na nikasikia viatu vyake kwenye changarawe hadi langoni. Daktari akauliza kama mzee anaumwa. Nilisimama pale mbele ya ubao, mtoto mnene aliyesomwa kwa sauti, na nilihisi kama nimepakwa kinyesi na sina mahali pa kunawa. Nilimchukia mwalimu hadi meno yakauma.

Baba hakukubali na hakukataa. Angekataa ningepata pa kuanzia. Ningemwendea mchungaji, ningemlilia mama. Lakini jambo lenyewe halikuweza tena kutajwa nyumbani kwetu. Nilimsalimu mwisho wa juma, akajibu akitazama mizani ya sukari. Nikimwuliza mama, alijiziba masikio kwa mikono yenye unga.

Nyanya ndiye aliyenitoa hapo. Huyo alikuwa bibi mwembamba mwenye ugoro puani, hajawahi kubatizwa na mtu yeyote, na aliniita mke mwenza, kwa kuwa ndivyo nyanya wa kwetu wanavyowatania wajukuu wa kike. Nilipomweleza alicheka hadi ugoro ukamwingia macho.

"Kwa hiyo wamepima makalio yako, mke mwenza?" akasema. "Walipata kamba ya kutosha wapi? Babu yako angekuoa, kitanda kingevunjika usiku wa kwanza. Twende, nitakusimamia mimi. Mwanangu ana haya, mimi sina."

Alienda shuleni, akapiga kidole gumba kwenye wino na kwenye karatasi, akaulizwa yote aliyoulizwa baba na akayajibu kwa mdomo mpana, na ziada. Daktari akaridhika. Kisha bibi akaomba aonyeshwe chupa itakayopokea damu yangu. Akaitazama sana. Akatema mate chini, karibu na kiatu cha mwalimu, akaondoka.

Tuliambiwa tuje kutolewa damu tukiwa hatujatia kitu kinywani tangu jioni. Daktari alisisitiza: hata maziwa, hata ndizi, maana chakula kingejaza damu matofali mapya na yeye asingejua ya zamani ni yapi. Nilimwambia nyanya. Alinisikiliza na kuitikia. Lakini nyanya alikuwa amekulia wakati watu wa kwetu waliwatoa ng'ombe damu shingoni kwa mshale, na alijua mambo mawili kuhusu kiumbe anayetolewa damu: hushibishwa kwanza, na hakimbizwi baadaye. Hawa watu walitaka kunitoa damu nina njaa, halafu wanikimbize. Kwake huo ulikuwa ujinga wa watu wasiofuga.

Alfajiri aliniamsha. Kulikuwa na kibuyu karibu na jiwe la meko. Ndani yake alikuwa amechanganya maziwa ya mgando na damu ya ng'ombe iliyopikwa, aliyoiomba kwa jirani aliyechinja jana yake. Ilikuwa nyeusi na nyeupe, imeganda mabonge mabonge, na juu yake mafuta yalikuwa yamefanya macho madogo madogo. Mimi ni Msabato. Damu ni haramu kwetu. Ningekuwa Mkatoliki bado ningetapika.

"Daktari amekataza, nyanya."

"Daktari hana mama? Kunywa. Usipokunywa, nitakwenda kufuta kidole changu kwenye ile karatasi."

Angeweza. Nilijua angeweza, na bila kidole kile hapangekuwa na kukimbia, wala ngazi, wala kofia nyeupe. Nikafunga macho nikanywa. Mabonge yalipita kooni moja moja. Alishika kibuyu kwa mikono yake miwili na kukiinua kadiri nilivyokunywa, hadi tone la mwisho, kisha akanipangusa midomo kwa kidole na kukilamba. Ladha ile ya chuma na moshi ilinikaa puani hadi adhuhuri. Nilitembea kwenda shuleni nikiwa nimefunga mdomo kwa kiganja, na kila nilipocheua nilihisi nachukia watu wote wawili, anayetaka damu na anayetaka kuijaza.

Sikuficha. Nilipofika kwenye foleni nilimwambia mwalimu, wazi, kwamba nimelishwa na nimelishwa nini. Alibadilika rangi. "Unataka niambie daktari ati watu ya kwetu bado wanakunywa damu? Nyamaza! Usiniaibishe." Nikajaribu mwenyewe kwa Kiingereza changu cha kidato cha pili, nikasema nimekula. Daktari akatabasamu, akasema vizuri, vizuri, na kufunga mpira mkononi mwangu. Msaidizi wake aliweka mirija yetu kwenye sanduku la barafu, na pembeni mwa mirija, kwenye barafu ile ile, palikuwa na mayai yake ya kuchemsha ya mchana. Nilimwona akiyatoa baadaye na kuyamenya.

Majibu ya damu yaliporudi kutoka Nairobi, daktari alifika kwa furaha. Damu yangu ilikuwa na matofali mengi kuliko ya wote. Alinishika mkono akanionyesha kwa mwalimu mkuu kama fahali wa maonyesho ya kilimo. Mwalimu wa baiolojia alitazama kando. Nikasema tena kwamba nilikuwa nimekula, na tena hakuna aliyetaka kusikia, kwa kuwa nilikuwa mfano mzuri. Tangu hapo sijaheshimu jambo kwa sababu tu limeandikwa kwa mashine.

Basi tukakimbia. Wanene wa shule nzima, baada ya masomo, kuzunguka uwanja na kushuka hadi kwenye mashamba ya chai na kurudi. Wachumaji waliinua migongo na kushangilia, "Lori zinakuja! Ondokeni njiani!" Mtoto wa chifu alitapika uani siku ya kwanza, akaambiwa apanguse mdomo aendelee. Mapaja yangu yalisuguana hadi yakachubuka, na nyakati za mvua matope yaliingia kwenye vidonda. Tulinuka. Sitasema kwamba nilipenda, watu husema hivyo kwa kujipamba. Nilichukia sauti ya matiti yangu yakipiga, nilichukia pumzi yangu mwenyewe. Lakini kuna jioni moja nilifika juu ya mteremko wa chai na nikagundua kwamba naweza kusema sentensi nzima. Nikaisema, peke yangu, kwa sauti: "Nitapanda na ndoo mbili." Nikashuka, nikapanda tena, nikairudia.

Mara ya pili kutolewa damu nyanya alikuwa amekwenda matanga kwa ndugu zake, na hakuna aliyenilisha. Nadhani matofali yalishuka. Daktari aliondoka akiimba. Ni kukimbia kulikoyashusha au ni kibuyu kilichoyapandisha mwanzoni, hakuna ajuaye. Nilichojua ni kwamba nimekuwa na shingo, na kwamba fundi wa barazani alikuwa anatoa vipande badala ya kuongeza.

Keumbu haikupenda. Wanawake wa chumvi walinitazama na sasa hawakunibinya. Walivuta mikono nyuma. Wengine walisema nina kifua kikuu. Wengine walisema duka linakufa, mwenye duka amebaki na suti tu. Kulikuwa na aliyesema nimetupiwa jicho, akataja na jina la mwenye jicho. Watu walewale! Nilipokuwa siwezi kupanda ngazi walinisifu, na nilipoanza kupumua wakaninyooshea kidole. Baba alisikia yote, hata habari ya metroni na ndoo zake, maana mwenye duka husikia yote. Bango lake lilikuwa limeanguka na hakuwa na namna ya kulitaja.

Likizo ilipokaribia kwisha, na nafasi za hospitali zikiwa zinajazwa, aliniita mezani Sabato mchana. Palikuwa na wazee wa kanisa na wake zao, na mchungaji. Mama alikuwa amechinjiwa kondoo Ijumaa, siku ya maandalio. Sahani yangu ilikuwa imepakuliwa tayari, mbele ya mgeni mkuu, mkia mzima juu ya ugali wa wimbi, mafuta yakiganda ukingoni kuwa meupe. Watu wote walikuwa wameacha kula, wakingoja. Ndipo nilipoelewa kwamba chakula hiki ni mkutano, na kwamba mimi ndiye ajenda.

"Nyumba hii haina njaa," akasema baba, akitazama sahani, si mimi. "Kula, wageni waone. Na ile habari ya kwenda hospitali—"

Nilijua sentensi ile inakwenda wapi. Ikishafika mwisho, mbele ya mchungaji na wazee, isingerudi tena. Neno la baba likishatamkwa mbele ya mashahidi kwetu haliondoki. Nilikuwa na kitambo cha pumzi moja. Na nilikuwa na kitu kimoja tu mkononi, kitu kile kile nilichopakwa mbele ya ubao.

"Tata," nikasema, kwa Kigusii, lugha ya nyumbani, lugha isiyo na mlango wa kutokea. Nikamwambia nilikuwa na kilo ngapi na sasa ninazo ngapi. Nikamwambia mapaja yangu yalikuwa yanachubuka nikitembea na sasa hayagusani. Nikataja matiti. Mke wa mchungaji akasema "Yesu" kwa sauti ndogo. Nikamwambia kwamba nilipokuwa mnene mwezi wangu ulikuwa ukipotea, na sasa unakuja sawasawa, kama alivyoulizwa na mwalimu.

Alinyanyuka kabla sijamaliza. Mkono wake uligonga kikombe na maziwa yakatambaa mezani hadi mapajani mwa mzee wa kanisa, ambaye hakusogea. Baba alikuwa amefungua mdomo, na kwa kitambo nilidhani atamaliza ile sentensi. Hakuweza. Angemaliza, angekuwa amekiri kwamba amesikia. Akatoka bila kofia. Wageni wakainamia sahani zao na kuanza kutafuna upesi upesi. Mama alisimama mlangoni na mwiko mkononi, akinitazama kama mtu asiyenijua. Ule mkia ulikuwa bado mbele yangu, na harufu yake ilinipanda. Nilikimbilia nyuma ya nyumba nikatapika kitu ambacho sikuwa nimekila.

Jumatatu nilikwenda kwa metroni na sanduku langu. Nilipanda zile ngazi na ndoo mbili na sikukaa. Aliniuliza kama baba amekubali.

"Hakukataa," nikasema.

Alinikazia macho, akanipa aproni.

Nilikuwa muuguzi mzuri. Nimewaosha wanaume wa vilima vyote hivi, wenye vidonda na wenye kuhara, bila kukunja uso. Karibu na mwisho wa miaka ile ya sabini baba aliletwa hospitalini kwetu na ugonjwa wa sukari, mguu ukiwa umeshaanza kunuka, akalazwa kwenye wadi yangu mwenyewe. Nilimwamkia kitandani, akaitikia akitazama dirisha. Nilipogawa uji nilianza upande wa mlango. Nilimpa wa kulia kwake, nikampa wa kushoto kwake. Baba aliweka mikono yake chini ya blanketi na kungoja, ana njaa, hadi nitoke nje, ndipo alipokubali kulishwa na mtu mwingine.